Sura ya Tano: Nauli Inayosomeka

Mkazi wa Keko, Dar es Salaam, anaishi katikati ya reli. Akivuka Barabara ya Nyerere kuelekea Kamata, anaikuta Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, wakaifikisha Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Akishika barabara hiyohiyo kuelekea uwanja wa ndege, muda si mrefu anaiona stesheni ya TAZARA, chanzo cha njia ya kilomita 1,860 inayoishia Kapiri Mposhi nchini Zambia. Na akipanda bajaji kwenda mjini, akishapita Gerezani anafika Stesheni ya Magufuli, inakoanzia treni ya umeme ya kwenda Morogoro na Dodoma. Reli hizo tatu zina upana wa aina tatu: milimita 1,000 ile ya Wajerumani, milimita 1,067 ya TAZARA na milimita 1,435 ya SGR, reli ya hiyo treni ya umeme. Behewa la reli moja haliwezi kupita juu ya reli nyingine.

Tiketi nazo ni vivyo hivyo. Kila reli ina nauli zake, madaraja yake na namna yake ya kupokea fedha. Kwenye Reli ya Kati abiria huulizwa kama anataka daraja la tatu, la pili kukaa au la pili kulala. TAZARA, mtu akisema daraja la pili anamaanisha kitanda. Kwenye SGR kuna daraja la kawaida, la biashara na lile la kifahari zaidi, tena kuna treni ya kawaida na treni ya haraka. Mtu aliyeijua reli moja tangu utoto wake bado anakuwa mgeni kwenye nyingine.

Kwa hatua za miguu, watu wa Keko Machungwa na Keko Magurumbasi ni miongoni mwa Watanzania walio karibu zaidi na treni. Kwa tiketi, wengi wao wako mbali. Sura hii inahusu umbali huo wa pili: ule ulio kati ya mtu mwenye nia ya kusafiri na kiti ambacho nchi imemtengenezea kwa gharama kubwa. Hoja yangu ni moja. Nauli ni ahadi ya umma, na ahadi isiyosomeka mtu hawezi kuidai. Abiria ana haki ya kujua, kabla hajatoa shilingi, bei imetoka wapi, kiti kipo au hakipo, na fedha yake itarudije safari ikiharibika. Haki hiyo inapaswa imfikie kwa lugha anayoongea na kwa simu aliyonayo mkononi.

Hesabu iliyo nyuma ya nauli

Nianze na jambo jema, kwa sababu lipo na halisemwi vya kutosha. Nauli ya SGR, kwa asili yake, ni miongoni mwa nauli rahisi kueleweka duniani. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ilitangaza nauli hizo Juni 2024, mwezi uleule ambao safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilianza tarehe 14. Kwa daraja la kawaida, kiwango kiliwekwa shilingi 69.51 kwa kila kilomita anayosafiri abiria. Basi. Kilichobaki ni kuzidisha.

Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilomita 192. Zidisha kwa 69.51 unapata shilingi 13,346, nauli ikawa 13,000. Hadi Kilosa ni kilomita 265. Zao ni 18,420, nauli ikawa 18,000. Hadi Dodoma ni kilomita 444; zao ni 30,862, nauli ikawa 31,000. Kila mara jibu limesogezwa kwenye elfu iliyo karibu, chini au juu. Mwanafunzi wa darasa la saba wa shule yoyote ya Temeke anaweza kuikokotoa nauli ya stesheni yoyote kwa penseli, akahakiki kama aliyetozwa ametozwa sawa.

Hesabu hiyo ina kasoro ndogo ambayo mwananchi angeiona mara moja kama angewekewa wazi. Kusogeza kwenye elfu hakumuumi wala hakumnufaishi sana msafiri wa mbali, lakini kwa wa karibu kunabadilisha mambo. Anayeshuka Pugu, kilomita 19, analipa 1,000, sawa na shilingi 53 hivi kwa kilomita. Anayeshuka Soga, kilomita 51, analipa 4,000, na kwake kilomita moja inafika shilingi 78. Mtu wa Soga anabeba mzigo mzito kuliko wa Pugu kwa sababu ya kusogeza tarakimu tu. Jambo hilo linajadilika: pengine safari fupi zingesogezwa kwenye mia tano badala ya elfu. Ila ili lijadiliwe, lazima kwanza lionekane.

Kuna faida nyingine iliyojificha humo. Abiria akikata tiketi ya Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha nyingine ya Morogoro hadi Dodoma, kwa kanuni hiyohiyo atalipa 13,000 na 18,000, jumla 31,000, sawasawa na aliyekata tiketi moja. Kwa safari hiyo hakuna ujanja wa kumnufaisha mjuzi na kumwacha asiyejua. Uingereza, nchi iliyoanzisha treni za abiria, imeshindwa hapo. Baada ya reli zake kugawiwa kampuni nyingi kwa sheria ya mwaka 1993, nauli zilizaliana hadi umoja wa kampuni hizo, mwaka 2018, ukasema zipo takriban milioni 55. Huko ni jambo la kawaida tiketi mbili za vipande vya safari moja kuwa nafuu kuliko tiketi moja ya safari nzima, ndani ya treni ileile, kwenye kiti kilekile. Anayelijua hilo analipa kidogo. Bibi kizee anayefika dirishani na kusema tu anakokwenda analipa zaidi.

Ukilinganisha na basi, kiwango cha SGR nacho kinajieleza. Desemba 2023 LATRA iliweka ukomo wa nauli za mabasi ya mikoani kuwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la kawaida na 67.84 kwa basi la daraja la kati. Maana yake ni kwamba treni ya umeme, inayofika Dodoma kwa takriban saa nne, iliwekewa bei inayokaribiana na ya basi la daraja la kati linalotumia sehemu kubwa ya siku. Huo ni uamuzi wa kisera, nami naamini ni uamuzi mzuri: ulisema kwamba treni hii ni ya watu wote.

Nendeni kwa mafundi samani wa Keko mkaagize kitanda. Fundi atawaambia mbao ni kiasi hiki, vanishi kiasi hiki, msasa na gundi kiasi hiki, kisha ufundi. Mteja anaweza kulalamika, anaweza kuomba apunguziwe, lakini anajua anacholipia, na siku mbao zikipanda bei anaelewa kwa nini kitanda kimepanda. Nauli ya SGR ilizaliwa na uwazi wa namna hiyo. Tatizo ni kwamba uwazi huo umebaki kwenye matangazo ya mamlaka. Haujafika kwenye tiketi.

Pale bei inapoanza kugawanyika

Hesabu ya kilomita ilibaki rahisi kwa miezi michache tu. Baadaye mwaka 2024 ilikuja treni ya haraka, isiyosimama kwenye stesheni ndogo, na nauli yake ya daraja la kawaida kati ya Dar es Salaam na Dodoma ikawa shilingi 40,000. Juu yake yakaja madaraja ya bei kubwa zaidi. Hakuna ubaya kumtoza zaidi anayetaka kufika mapema au kukaa kwa nafasi. Lakini kuanzia hapo swali la mwananchi, ‘Dodoma shilingi ngapi?’, halina tena jibu moja.

Chukueni familia ya Keko Mwanga: baba, mama, mtoto wa miaka 9 na mwingine wa miaka 3. Utaratibu uliotangazwa unasema mtoto aliye chini ya miaka minne hatozwi, na wa kuanzia miaka minne hadi 12 analipa nusu. Kwa treni ya kawaida familia hiyo inalipa 31,000 mara mbili, jumlisha 15,500, jumla 77,500 kwa kwenda tu. Kwa treni ya haraka, nusu nauli ikihesabiwa vivyo hivyo, ni 100,000. Tofauti ni 22,500 kwa upande mmoja, na 45,000 kwenda na kurudi. Kwa nyumba inayoishi kwa kuuza meza na kabati, fedha hiyo ni chakula cha siku kadhaa. Familia haiwezi kupanga kama haikuonyeshwa bei hizo mbili kando kwa kando, pamoja na muda ambao kila treni inatumia, kabla ya kuulizwa majina na vitambulisho.

Mifumo mingi ya tiketi duniani hufanya kinyume. Humwongoza abiria hatua kwa hatua kuelekea malipo, na bei kamili humfikia mwishoni, akiwa tayari amejaza kila kitu na amechoka. Hapo hutokea makato ya mtandao wa simu, ambayo hayamo kwenye nauli lakini yanatoka kwenye mfuko uleule. Mtu aliyeweka 31,000 kamili kwenye simu anagundua kwamba haitoshi. Inambidi atoke nje kumtafuta wakala aongeze kidogo, na saa inakwenda.

Tarakimu 32

Safari ya tiketi ya mtandaoni ina malango mawili, na yote ni ya tarakimu. Lango la kwanza ni kitambulisho. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Wapo wengi wanaoijua namba yao bila kuwa na kadi, wakiwa wameiandika kwenye karatasi au kwenye ganda la daftari. Tarakimu moja ikikosewa, mfumo unakataa, na kwa kawaida haukuambii ni ipi. Lango la pili ni namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo mtaani inaitwa kontroo namba. Hiyo ina tarakimu 12 na huanza na 99, kwa utaratibu wa malipo ya Serikali ulioanza mwaka 2017. Ukijumlisha, tiketi moja inakuomba uandike tarakimu 32 bila kukosea, wakati fulani kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Kila lango lina sababu yake ya haki. Kitambulisho kinamzuia mlanguzi asinunue tiketi ishirini za sikukuu na kuziuza kwa bei mara mbili. Namba ya malipo inahakikisha fedha inaingia kwenye hesabu ya umma bila kupita mkononi mwa mtu. Anayekumbuka stendi ya Ubungo ya zamani, kabla mabasi hayajahamia Mbezi Louis mwaka 2021, anajua wapiga debe walivyoweza kumuuzia mtu tiketi ya basi lisilokuwepo. Hatutaki kurudi huko.

Lakini ulinzi unaomshinda anayelindwa huzaa dalali mpya. Tazama kinachotokea mitaani. Mwenye simu ya kitochi hawezi kufungua tovuti, na mwenye simu janja hana bando au hana uzoefu. Wote wawili wanakwenda kwenye kibanda cha wakala wa fedha au duka la steshenari, wanatoa jina na namba ya NIDA, na kijana wa pale anawakatia tiketi kwa malipo kidogo. Vijana hao wanafanya kazi ya heshima, tena wengi ni waaminifu kabisa. Hata hivyo abiria amekwishapoteza vitu viwili. Namba yake ya utambulisho imebaki kwa mtu baki. Na pale anapojaziwa namba ya simu ya kibanda badala ya yake, ujumbe wote wa safari unakwenda kibandani. Treni ikiahirishwa usiku, anayepata taarifa ni kijana aliyefunga kibanda na kwenda kulala. Mwenye safari anaamka alfajiri na kwenda stesheni na mabegi yake.

Jambo la namna hii halipaswi kuwa gumu katika nchi iliyozoea fedha za simu tangu mwaka 2008. Mama anayeuza maandazi Keko Toroli anapokea, anatuma na kulipia umeme kwa kubonyeza tarakimu chache. Mashabiki wanaokwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa, jirani kabisa na Keko, wamezoea kuingia kwa kadi ya malipo ya N-Card, na wanaovuka kwenda Kigamboni kwa kivuko wamezoea vilevile. Watu hawa hawaogopi teknolojia. Kinachowashinda ni mfumo unaodhani kila msafiri ameketi mezani na kompyuta.

Kimejaa, na hakijajaa

Hakuna neno linalouma kama kuambiwa viti vimejaa, kisha ukasikia kutoka kwa aliyesafiri kwamba kulikuwa na viti vitupu. Watu husema hapo kwamba wameibiwa, kwamba tiketi zimefichwa. Wakati mwingine huenda ni kweli. Mara nyingi, hata hivyo, sababu zipo ndani ya namna mifumo ya kuweka nafasi inavyofanya kazi, na msafiri anastahili kuzielewa.

Sababu ya kwanza ni pengo kati ya kuchagua na kulipa. Mtu anachagua kiti, anapewa namba ya malipo, na kiti kinashikwa kwa ajili yake. Asipolipa, kiti kinabaki kimeshikwa hadi muda wa namba ile uishe. Siku ya kawaida hakuna anayeliona hilo. Siku mbili kabla ya Krismasi au Idd, mamia wanashika viti kwa wakati mmoja. Wengine wanashika viti vya treni mbili ili waamue baadaye, wengine wanakwama kwenye makato. Kwenye kioo treni imejaa. Muda ukipita, viti vinarudi kimyakimya, na anayevipata ni yule aliyekuwa macho wakati huo.

Sababu ya pili ni vipande vya safari. Kati ya Dar es Salaam na Dodoma kuna stesheni 12 ukihesabu za mwanzo na mwisho, kwa hiyo treni inayosimama kote inaweza kuuza safari za aina 66 kwa upande mmoja. Kiti kilichouzwa kwa mtu wa Morogoro hadi Kilosa hakiwezi kuuzwa tena kwa mtu wa Dar es Salaam hadi Dodoma, ingawa kitakuwa kitupu kwa sehemu kubwa ya njia. Mfumo mzuri hujaribu kupanga vipande hivyo vifuatane kwenye kiti kimoja. Mfumo usiopangwa vizuri huvitawanya, na treni inaonekana imejaa huku kila behewa lina nafasi kipande fulani cha njia. Aliyesema aliona viti vitupu kuanzia Kilosa amesema kweli. Aliyesema hakukuwa na kiti cha Dar es Salaam hadi Dodoma naye amesema kweli.

India, yenye abiria wengi kuliko karibu nchi yoyote, imekubali ukweli huo na kuuweka mezani. Treni ikijaa, msafiri anaweza kununua nafasi kwenye orodha ya kusubiri. Tiketi yake inaonyesha yeye ni wa ngapi, na kila mwingine anapoghairi, namba yake inasogea. Orodha ikikataa kusogea hadi mwisho, aliyekata mtandaoni hurudishiwa fedha yake. Utaratibu huo una kero zake, lakini unampa mtu kitu ambacho neno ‘imejaa’ halimpi: anajua amesimama wapi, na anaweza kuamua mapema kupanda basi.

Saa mbili kwenye tiketi moja

Lipo tatizo linalotuhusu sisi hasa, na kwa kuwa ni letu, hakuna atakayetutatulia. Tangazo la Kiswahili linaandika treni itaondoka saa 12:00 asubuhi. Mfumo wa mtandaoni, ambao hufuata saa ya kimataifa, unaandika 06:00. Treni ni ileile. Kwa anayefanya kazi ofisini hilo halina shida. Kwa mtu ambaye maisha yake yote saa sita ni mchana, 06:00 kwenye tiketi ni mchana. Na treni ikiandikwa 12:00 kwenye mfumo wa saa ya kimataifa, mwingine atafika alfajiri akasubiri nusu siku. Treni ya umeme haina kawaida ya basi ya kumsubiri abiria anayekimbia na begi kichwani. Milango hufungwa kabla ya muda wa kuondoka.

Dawa yake ni wino tu. Andika saa zote mbili kwenye tiketi: 06:00, saa 12 asubuhi. Andika siku kwa jina, Jumatano, si tarehe peke yake. Andika saa ambayo lango linafungwa, kwa sababu hiyo ndiyo saa halisi ya abiria. Ya treni kuondoka ni ya dereva.

Tiketi za zamani zilikuwa na hekima hiyo. Katika miaka ya 1830, Mwingereza Thomas Edmondson alibuni tiketi ya gamba gumu, ndogo ya kutosha kiganjani, yenye stesheni za safari, daraja, nauli na namba ya mfululizo, ikigongwa muhuri wa tarehe dirishani. Reli za Afrika Mashariki ziliitumia kwa miongo mingi. Kwa nyakati zake ilikuwa teknolojia ya kuzuia wizi wa makarani, kwa kuwa kila namba ililazimika kuhesabiwa jioni. Lakini ilifanya na jambo la pili: masharti yote muhimu ya mkataba yalikuwa mkononi mwa abiria. Hakuhitaji umeme wala mtandao kuyasoma. Tunapohama kutoka kwenye gamba kwenda kwenye ujumbe wa simu, tuhame na sifa hiyo pia.

Jirani alivyofanya

Kenya ilitutangulia. Madaraka Express ilianza kati ya Mombasa na Nairobi mwanzoni mwa Juni 2017, na mapema tu abiria waliweza kukata tiketi kwa kubonyeza *639# na kulipa kwa M-Pesa. Hatua hiyo moja iliwaingiza kwenye treni watu wasio na simu janja. Kwa upande wa bei, daraja la kawaida lilianza kwa shilingi 700 za Kenya kama nauli ya uzinduzi, likapanda hadi 1,000, na kuanzia Januari 1, 2024 likawa 1,500. La kwanza lilitoka 3,000 likawa 4,500. Shirika la reli lilieleza kwamba mafuta yamepanda, na kweli treni zile zinatumia dizeli.

Kuna mafunzo mawili hapo. La kwanza, njia ya kubonyeza tarakimu inawezekana na inafaa kwa tiketi za treni. Sisi tunayo *152*00#, mlango wa pamoja wa huduma za Serikali kwenye simu ya aina yoyote. Tiketi ya usafiri wa umma inapaswa ipatikane humo kikamilifu, kuanzia kuulizia kiti hadi kughairi, bila kumtaka mtu afungue tovuti. La pili, nauli iliyopanda kwa asilimia 50 kwa siku moja haimezeki hata kama sababu ni ya kweli, kwa sababu mwananchi hakuwahi kuonyeshwa hesabu ikibadilika polepole. Sisi tuliobahatika kuanza na kiwango cha kilomita tuna njia nzuri zaidi: kiwango kikibadilika, tangazeni kiwango kipya na sababu yake, na kila mtu atazidisha mwenyewe.

Yanayopaswa kudaiwa

Haya ninayoyataja hayahitaji mkopo wa nje wala mkandarasi. Tiketi ionyeshe kilomita, kiwango na nauli, ili abiria aone bei imetoka wapi. Bei za treni ya kawaida na ya haraka zionekane pamoja, na makato yakiwamo, kabla ya kuombwa kitambulisho. Saa ziandikwe kwa namna zote mbili. Kiti kilichoshikwa bila kulipiwa kitajwe kuwa kimeshikwa, na muda wa kuachiwa uonekane, ili neno ‘imejaa’ litumike pale tu ilipojaa kweli. Anayekatiwa tiketi na wakala ajaziwe namba yake mwenyewe ya simu, na wakala asajiliwe na awe na kiwango cha malipo kilichobandikwa ukutani. Utaratibu wa kughairi na kurudishiwa fedha uandikwe kwa Kiswahili kifupi kinachoingia kwenye ujumbe mmoja. Na dirisha la stesheni libaki wazi, na viti vyake, kwa ajili ya mzee ambaye hana simu wala hataki kuwa nayo. Reli hii imejengwa kwa kodi yake pia.

Wapo watakaosema haya ni madogo mbele ya madaraja, mahandaki na nyaya za umeme zilizotandazwa hadi Dodoma. Mimi naona kinyume. Kilomita zote zile zilijengwa ili mtu aketi kwenye kiti. Kila anayeshindwa kukata tiketi na kurudi kwenye basi, si kwa kukosa nauli bali kwa kukosa kuelewa, ni sehemu ya reli iliyojengwa na isitumike.

Mwananchi naye ana pa kusemea. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2019 iliyounda LATRA, lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini, na kabla nauli hazijabadilishwa huitishwa taftishi, kikao cha wazi ambacho mtu yeyote anaweza kwenda na kusema. Vikao hivyo mara nyingi hujaa wamiliki wa vyombo vya usafiri na wanasheria wao, huku wapanda treni wakiwa wachache. Taftishi ijayo ya nauli za treni ikitangazwa, fundi wa Keko aende, mama wa Keko Toroli aende, na mwanafunzi wa chuo aende. Waulize maswali matatu: kiwango kwa kilomita ni kiasi gani na kwa nini kimebadilika, tiketi inapatikanaje kwa simu ya kitochi, na fedha inarudi baada ya siku ngapi safari ikivunjika. Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, kisha yachapwe kwenye tiketi.